Miguu ina haraka, damu haina haraka

Saa kumi na moja ya asubuhi, siku ya posho, Bukavu bado iko na giza. Pale Nyawera taksi za kwanza zinatafuta watu, mama wa mikate wanapanga mabeseni yao, na sisi tuko tunafunga kamba za viatu. Tuko watu saba: walimu wawili, muuza nguo wa soko la Kadutu, fundi wa simu, wanafunzi wawili na huyu anayeandika kwa jina la wote. Mgongoni kila mmoja ana bidon ya maji, litre tano. Watu wanatuangalia, wanauliza: « Munaenda wapi na maji saa hii? »

Hatuendi mbali. Tunashuka mpaka chini karibu na ziwa, halafu tunageuka na kupanda zile njia za ngazi na udongo za Kadutu mpaka kule juu Cimpunda. Tukifika tunashuka tena. Kisha tunapanda mara ya pili, na siku nyingine mara ya tatu. Hatukimbii. Tunatembea kwa mwendo wa mtu aliyechelewa kazini lakini hataki kutoka jasho mbele ya mkubwa wake.

Kama wewe msomaji ni mutu wa Bukavu, pengine umetuona na ukacheka. Hata sisi tulicheka siku za kwanza. Tunachotafuta ni kupanda milima mirefu kwa mwendo wa haraka, na mfuko mwepesi, na kurudi nyumbani wazima. Hayo maneno mawili ya mwisho, « kurudi wazima », hatukuyaongeza sisi wenyewe. Mlima njo uliyatuongezea.

Ile siku ya Nyiragongo

Ilikuwa mwezi wa saba, mwaka 2016. Tulitoka Bukavu kwa boti ya usiku, tukafika Goma asubuhi, na siku iliyofuata tulikuwa Kibati, pale njia ya Nyiragongo inapoanzia. Kibati iko karibu metre 2 000. Ukingo wa kreta uko metre 3 470. Watu wa kawaida wanapanda kwa masaa manne, matano, hata sita, na vituo vya kupumzika njiani. Sisi tulisema: masaa manne ni ya watalii.

Kati yetu kulikuwa mmoja mwenye nguvu kupita wote. Hatutataja jina lake. Yeye mwenyewe ameturuhusu kusimulia. Mpira anacheza, Panzi mpaka mjini anatembea kwa miguu, hachoki. Yeye njo alikuwa mbele, akimsukuma kiongozi. Kiongozi, mzee wa miaka hamsini hivi aliyevaa buti za mpira, alimwambia mara mbili: « Leki, enda pole. Huu mulima hautakimbia. » Tulicheka. Tulifika juu kwa muda chini ya masaa matatu na nusu, tukapiga picha, tukajisifu.

Saa kumi yule mwenzetu alianza kushika kichwa. Tulidhani ni jua. Saa kumi na moja alitapika. Tulidhani ni mkate wa njiani. Jioni, wote tulipokwenda kuangalia moto wa lava, yeye alitembea sawa mtu aliyekunywa kasiksi tangu asubuhi. Kiongozi alimwona kwa mbali, akaja, akamsimamisha. Akamwambia aweke kisigino cha mguu mmoja mbele ya vidole vya mguu mwingine, na atembee hivyo kwenye mstari. Hatua ya tatu akaanguka.

Mzee hakuuliza mambo mingi. « Huyu halali hapa. Akilala hapa, kesho tutabeba mutu. » Tukashuka usiku ule ule, taa kichwani, juu ya mawe ya lava yanayokata kiatu, watu wawili wakimshika kila upande. Tulikuwa hatujafika hata nusu ya njia yeye alipoanza kuuliza tuko wapi na kwa nini tunashuka. Hakukumbuka kitu. Asubuhi, Goma, alikunywa chai na kula mikate mitatu.

Tuliporudi Bukavu daktari alimuuliza maneno mengi, na hapo tulijua ile tusiyojua: siku kumi kabla ya safari alikuwa amemaliza dawa za malaria. Alituficha, juu ya kuogopa tumuache. Malaria inavunja chembe nyekundu za damu, na chembe hizo ndizo zinazobeba oksijeni. Alipanda mlima na damu pungufu, na alipanda mbele ya wote.

Hewa ni ile ile, lakini ni kidogo

Wengi wanafikiri kule juu oksijeni « inaisha ». Hapana. Juu ya Kilimanjaro na hapa kando ya ziwa Kivu, sehemu ya oksijeni katika hewa ni ile ile, 21 kwa mia. Kinachopungua ni uzito wa hewa yenyewe. Kadiri unavyopanda, ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi, na kila pumzi inakuletea oksijeni kidogo zaidi.

Bukavu iko karibu metre 1 500. Hapa tayari tunapumua kama 85 kwa mia ya hewa ya mtu wa Mombasa au Matadi. Kwenye ukingo wa Nyiragongo inabaki theluthi mbili hivi. Juu ya Karisimbi, metre 4 507, inabaki chini ya 60 kwa mia. Juu ya Kilimanjaro, metre 5 895, ni karibu nusu.

Mwili unajua kujitetea, lakini kila kazi iko na muda wake. Dakika za kwanza unapumua mbio na moyo unapiga mbio. Hiyo ni kazi ya dharura. Usiku wa kwanza na wa pili, figo zinaanza kurekebisha damu ili uendelee kupumua zaidi hata ukiwa umelala. Njo maana kule juu mtu anakojoa sana, na hiyo si alama mbaya. Kutengeneza chembe nyekundu mpya, hiyo ni kazi ya wiki nyingi. Hakuna mazoezi ya kuharakisha hizi kazi. Miguu unaweza kuifundisha kwa miezi miwili ikawa na haraka. Damu haina haraka.

Na tena, kile mwili ulichozoea unakisahau. Ukishuka, baada ya wiki moja au mbili, faida kubwa ya kuzoea imepotea. Vijana wengi wanatuambia: « Nilipanda Kahuzi mwaka jana, niko tayari kwa Kilimanjaro. » Leki, miguu yako pengine iko tayari. Damu yako imerudi Bukavu zamani.

Wenye nguvu njo wanaumwa

Hili ndilo jambo lililotushangaza zaidi. Tulifikiri ugonjwa wa mlima unashika wazee, wanene na wavivu. Kumbe kuwa na nguvu hakumkingi mtu hata kidogo. Mwenye nguvu yuko hatarini kwa sababu moja rahisi: miguu yake inamfikisha juu kabla mwili haujajua umefika wapi. Mchovu anapumzika njiani, na kule kupumzika njo dawa yake.

Lakini si kuna watu wanapanda Kilimanjaro kwa masaa? Wako. Simon Mtuy, Mtanzania aliyezaliwa katika kijiji cha miguuni pa mlima ule, mwaka 2006 alipanda na kushuka kwa masaa tisa na dakika kidogo, akibeba mwenyewe chakula na maji yake. Mwaka 2010 Kilian Jornet wa Uhispania alitumia masaa 7 na dakika 14 kupanda na kushuka. Mwaka 2014 Karl Egloff alimaliza kwa masaa 6 na dakika 42.

Vijana wanasoma hizo saa kwenye simu na wanaona mbio tu. Waangalie na watu wenyewe. Mtuy ni kiongozi wa wapandaji. Mlima ule ni nyumba yake. Egloff ni kiongozi wa milima pia, mtoto wa Quito, mji wa Ecuador ulio juu ya metre 2 800, na kazi yake ilikuwa kupandisha watu kwenye milima ya metre 5 000 na zaidi. Siku yao ya mbio ni siku moja. Nyuma ya siku hiyo kuna miaka ya kulala juu. Sisi tulikuwa tunataka kuiga siku moja bila kuiga miaka.

Hesabu ya mahali pa kulala

Kanuni ambayo waganga wa milima wanafundisha ni nyepesi kukumbuka. Ukipita metre 3 000, angalia unapolala. Usiongeze zaidi ya metre 500 kati ya usiku mmoja na usiku unaofuata, na kila siku tatu au nne lala mara mbili mahali pamoja. Mchana unaweza kupanda juu zaidi ya hapo, kisha ushuke kulala. Panda juu, lala chini: maneno manne tu.

Chukua sasa njia ya Marangu kwenye Kilimanjaro. Nyumba ya kwanza, Mandara, iko karibu metre 2 700. Ya pili, Horombo, karibu 3 700. Ya tatu, Kibo, karibu 4 700. Kila siku metre 1 000, mara mbili ya kanuni. Ndiyo maana wenye kujua wanaongeza usiku mmoja pale Horombo, na viongozi wa Tanzania wanaimba « pole pole » kutwa nzima. Siku ile ya ziada inagharimu pesa, ni kweli. Wapo pia wanaopanda kwanza Meru, metre 4 566, mlima jirani, halafu wanahamia Kilimanjaro siku chache baadaye wakati mwili bado unakumbuka.

Upande wetu wa Congo, njia ya zamani ya Ruwenzori inayotoka Mutwanga inafundisha jambo lile lile: gite ya Kalonge karibu metre 2 100, Mahangu karibu 3 300, Kiondo juu ya 4 000. Waliojenga gite hizo walijua mtu hafiki Margherita, metre 5 109, kwa siku mbili na akabaki na akili zake.

Kwa hiyo mtu anayetaka mbio afanye nini? Azoee polepole, halafu aharakishe siku moja. Siku zote za kwanza unatembea sawa mzee, unakula, unalala. Siku ya mwisho, kama kichwa ni chepesi na tumbo linapokea chakula, unapanda kwa mwendo wako na unashuka chini kabla ya kulala.

Mlima wetu wa kila siku

Hatuna milima ya theluji mlangoni. Kahuzi tunaiona asubuhi mvua ikisafisha anga, metre 3 308, na msitu wake wa mianzi chini na mimea ya baridi juu. Lakini ni ndani ya parke ya taifa, iliyoundwa mwaka 1970, urithi wa dunia tangu 1980, na haipandwi bila ruhusa na kiongozi. Na miaka hii ya vita, mtu haamki tu na kusema leo naenda Tshivanga. Tulijifunza kungoja. Tulipokuwa tunangoja, tukatambua kwamba Bukavu yenyewe ni uwanja wa mazoezi ambao watu wa miji ya tambarare wangelipa pesa kuupata.

Tunatoka mara tatu kwa wiki. Siku ya pili tunafanya ngazi: tunapanda kwa nguvu dakika nne au tano, tunashuka polepole, tunarudia mara sita. Siku ya nne tunatembea saa moja bila kujichosha. Siku ya posho ni safari ndefu, masaa matatu au manne ya kupanda na kushuka.

Kosa letu la kwanza lilikuwa kupanda kwa nguvu kila siku. Baada ya mwezi wote tulikuwa na magoti mabaya na hasira. Siku hizi sehemu kubwa ya mazoezi ni ya mwendo mwepesi. Kipimo chetu hakihitaji saa ya dola 300: kama unaweza kumsimulia mwenzako habari nzima bila kukata pumzi, mwendo ni mzuri. Kama unajibu « ndiyo » na « hapana » tu, punguza.

Kosa la pili lilikuwa kusahau kushuka. Kupanda kunachosha mapafu, kushuka kunavunja mapaja. Mtu asiyezoea kushuka anafika chini ya mlima akitetemeka miguu, na ajali nyingi zinatokea hapo, wakati kila mmoja anawaza chakula. Kwa hiyo tunashuka pia kama zoezi: hatua fupi, goti limekunjwa kidogo, macho mbele.

Na ile bidon? Tunapanda nayo imejaa, tunashuka nayo tupu, ili tusiumize magoti. Zamani tulikuwa tunamwaga maji kule juu. Siku moja mama mzee wa Cimpunda alituona, akaweka mikono kiunoni: « Batoto, munamwaga maji mbele ya mlango wangu? Wajukuu wangu banashuka mpaka chini kutafuta ile maji! » Tulipata haya. Mtu yeyote wa mtaa ule anajua bomba linaweza kukauka siku ngapi. Tangu siku ile maji yetu yanaingia kwenye pipa lake. Litre thelathini na tano kila mara tunapofika.

Hapo pia tulijifunza unyenyekevu. Njiani tunapitwa na wamama wanaobeba magunia ya mihogo au makala, kamba kwenye paji la uso, viatu vya plastiki miguuni. Hawakimbii, hawasimami, hatua yao ni ile ile kutoka chini mpaka juu. Mwendo tunaoutafuta sisi kwa mazoezi, wao wanao kwa kutafutia watoto chakula. Mmoja tulimuuliza siri yake. Akajibu: « Siri gani, papa? Nikisimama, mzigo unakuwa muzito. »

Kuhusu chakula hatuna dawa za ajabu. Ni bugali, maharagi, sombe na sambaza za ziwa letu. Damu nzuri inataka chuma, na chuma inatoka kwenye nyama, samaki, maharagi na mboga za majani. Maji tunakunywa kabla ya kiu. Pombe, siku za mlima, inabaki Bukavu.

Nani asiende, na lini kurudi

Kabla ya safari yoyote ya juu ya metre 3 000, kila mmoja wetu sasa anapita kwa daktari. Tunaulizana mbele ya wote: nani alikuwa na malaria mwezi huu? Nani anakohoa? Anayesema ukweli hatumchekeshi, tunabadilisha tarehe.

Kuna jambo ambalo watu wetu wanapaswa kulijua zaidi ya wengine. Mwenye damu ya SS asipande milima mirefu. Upungufu wa oksijeni unaweza kumletea maumivu makali na hatari. Hata mwenye AS, ambaye kila siku ni mzima na pengine hajui kama ni AS, anaweza kuumia bandama kule juu. Kipimo kinafanyika hapa mjini. Kifanye kabla, si baada.

Ukiwa mlimani, kichwa kinachouma pamoja na kichefuchefu, kizunguzungu au uchovu usio wa kawaida ni ugonjwa wa mlima mpaka ithibitike ni kitu kingine. Dalili zikiwa ndogo, unabaki hapo hapo, hupandi. Zikiongezeka, unashuka. Mtu akianza kuyumba au kusema maneno yasiyoeleweka, ubongo umevimba. Mtu akikosa pumzi hata akikaa, akikohoa povu, maji yameingia mapafuni. Hapo hakuna kungoja asubuhi: anashuka sasa, usiku au mchana, na hashuki peke yake. Dawa ziko, oksijeni iko, daktari anaweza kukuandikia acétazolamide ya kukinga. Lakini hakuna hata moja inayochukua nafasi ya kushuka. Na usimeze dawa ya kichwa ili upate kuendelea kupanda.

Msisahau na baridi. Jina la Karisimbi linatokana na weupe wa kichwa chake. Mwaka 1908 dhoruba ya theluji ilikuta huko wabeba mizigo wa Mjerumani Kirschstein, na watu kama ishirini kati yao wakafa. Hawakuwa wadhaifu, walikuwa wanabeba mizigo ya wengine. Walikosa nguo. Mfuko mwepesi ni mzuri, lakini koti la mvua, kofia na nguo kavu ya kulalia si uzito, ni uhai.

Yule mwenzetu wa Nyiragongo bado anatembea nasi. Tulimpa kazi mpya: yeye ndiye anakaa mbele siku za kwanza, na mtu yeyote haruhusiwi kumpita. Anatembea polepole mpaka wanafunzi wanaguna. Akisikia wanaguna anageuka, anacheka, anawaonyesha mstari chini ya miguu yake, kisigino mbele ya vidole.

Njia zikifunguka tutajaribu Kahuzi kwanza, kisha, pesa ikipatikana, Karisimbi kwa siku mbili. Tukichelewa mwaka mmoja si neno. Siku ya posho, saa kumi na moja, tutakuwa Nyawera. Anayetaka kuja, aje na bidon yake. Mama wa Cimpunda anasema pipa bado halijajaa.